Mluzi wa Mbugani

3 Machi

Daftari hili nimepewa na Juliet, yule binti wa Tororo anayehesabu ndege. Alikuja juzi na pikipiki, viatu vyeupe, akarudi na viatu vya rangi ya udongo wetu. Anataka niandike kila siku ndege wanaojenga viota kwenye mbuga iliyo kati ya boma langu na ziwa, na vipepeo weupe wakianza kupita niwahesabu, mpaka mvua ya masika iishe. Nilimwambia shule sijaona hata mlango wake. Akasema, lakini mama, kanisani nimekuona unasoma. Ni kweli. Herufi nilipewa na katekista mwaka niliobatizwa, nikiwa na mimba ya Patroba. Maswali na majibu ya katekisimu nimesahau mengi, herufi zimebaki. Naandika polepole kama mtu anayechambua mchele.

Juliet hakujua kwa nini nilikubali haraka. Mimi kwenye mbuga nipo tu, asubuhi na jioni, bila daftari wala kuombwa.

Patroba ni kitindamimba wangu. Mwezi wa tano huu atatimiza miaka miwili tangu mtumbwi uliokwenda visiwani kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, upinduke. Watatu waliletwa, tukawazika. Yeye hakuletwa. Mwezi wa nane mwaka ule, nikikata nyasi za kuezekea, nikasikia mluzi wake. Miwili mirefu, na mmoja unaoshuka. Ndio aliokuwa anamwitia ng'ombe wetu mwekundu tangu akiwa mtoto. Niliacha mundu palepale, nikakimbia na miguu hii. Nikakuta nyasi.

Tangu hapo nausikia. Sijamwambia mtu.

5 Machi

Hakuna kitu. Jua kali.

9 Machi

Ndege kweche wameanza kuvaa manyoya mekundu. Madume saba, wanajivuna kwenye matete kama vijana wa kwaya waliopewa mashati mapya. Viota bado.

Jioni mluzi umekuja kutoka kwenye vichaka vya njia ya kuteremkia majini. Leo nilikuwa na ng'ombe. Alikuwa anakula. Akaacha, akainua kichwa na nyasi zikining'inia mdomoni, akageuka kulekule. Akaanza kutembea. Nilivuta kamba kwa mikono miwili.

Basi si masikio ya uzee. Ng'ombe hana sababu ya kunidanganya.

14 Machi

Wandera amekuja. Ni ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na akija lazima akohoe langoni kama askofu. Amekuja kwa ajili ya mgomba.

Kwetu mtu akimezwa na ziwa asionekane, ukoo hukata mgomba, huuvisha nguo zake na kuuzika bomani kama mtu. Mpaka hapo mke wake bado ni mke wake, haolewi, haondoki. Na mgomba ukishazikwa, hata mwenyewe akirudi kwa miguu yake, haingii kwa lango. Anakaa nje kama mgeni mpaka wazee wabomoe ua kwa nyuma na kuchinja. Wengine waliorudi hivyo hawakukaa mwaka.

Wandera anasema miaka miwili inatosha. Anataka kuzika mwezi wa tano. Anasema Adeke, mke wa Patroba, bado kijana, na baba yake ametuma ujumbe kutoka Malaba kuuliza kama binti yake tumemfanya sanamu.

Nilimwambia mimi mtoto wangu simfungii lango. Mama ndiye anayetoa nguo za kuvisha mgomba, na bila nguo hakuna mazishi. Nguo ziko kwenye sanduku na ufunguo ninalala nao.

Akasema, "Mama Patroba, unamfunga huyu msichana."

Nikamwambia chai yake inapoa.

21 Machi

Mvua ya kwanza. Nguo zote zilikuwa nje.

27 Machi

Korongo wawili wa taji wamerudi pale kwenye maji ya kina kifupi. Wanavunja matete na kuyakanyaga, wanatengeneza jukwaa lao. Wakicheza wanarukaruka wakitazamana, mbawa wazi, kama wazee waliolewa kwenye harusi. Nerima alicheka mpaka akakaa chini. Nerima ni mtoto wa Patroba, ana miaka saba, na mwendo ni wa baba yake, miguu ya nje.

Mluzi asubuhi, mara tatu. Nikaangalia Nerima kama amesikia. Alikuwa anacheza tu.

31 Machi

Pasaka. Adeke amevaa gauni la bluu, watu wamemtazama. Mimi nimewatazama wao.

4 Aprili

Vipepeo wamekuja. Nilitoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo nikaona hewa inatembea. Weupe, wadogo, kimo cha kiuno cha mtu, wote njia moja, kutoka upande wa Kenya wanaelekea machweo. Hawasimami. Wakikuta nyumba wanapanda juu ya bati, wanashuka upande wa pili na kuendelea.

Kuna watu hapa husema ni roho za waliozama. Mimi nasema ni wadudu. Roho ya Patroba isingepita hapa bila kuuliza kama kuna chakula.

Juliet alinionyesha namna ya kuhesabu. Unasimamisha fito mbili, unahesabu wanaopita katikati mpaka muda uishe. Saa sina, kwa hiyo naweka sufuria ndogo motoni, nahesabu mpaka maji yachemke. Kila kumi, Adeke anatupa punje moja ya mahindi kwenye mkebe. Leo punje thelathini na moja.

Tukiwa pale na mkebe wetu, mluzi ukalia. Punje ikamwanguka Adeke nje ya mkebe.

Niliinama kuiokota. Yeye ndiye aliyesema, bila kunitazama. "Mama, na wewe unamsikia."

Nikasahau vipepeo. Maji yakachemka yakamwagika, moto ukazimika.

Ameniambia yote. Anausikia tangu mwaka juzi. Ule ugali anaoufunika jikoni jioni, ambao nimemgombeza kwa ajili yake, kwamba anaharibu unga, ni wa Patroba. Jioni ambayo mluzi umelia, anaweka sahani. Kuna mtu anayemtaka, Oboth, wa Nabuyoga, anauza vitunguu Busia siku za soko, mkewe alikufa. Mtu mpole. Mara mbili Oboth amemuuliza, na mara mbili, akirudi nyumbani na jibu mdomoni, mluzi umelia pale kichakani. "Ananiita," akasema. "Nitaendaje, mama, na mwenyewe ananiita?"

Nilimshika mkono. Na moyoni, Mungu anaona, nilifurahi. Nilifurahi kwamba nina shahidi wa pili zaidi ya ng'ombe.

5 Aprili

Punje arobaini na mbili. Korongo jike amekaa, hainuki. Juliet alisema akikaa hivyo kuna mayai.

8 Aprili

Mvua kutwa. Vipepeo wamejishika chini ya majani ya migomba, wamefunga mbawa.

12 Aprili

Leo nimeona, na heri nisingeona.

Nilitoka alfajiri kuhesabu viota vya kweche kabla jua halijapanda. Nikakaa karibu na kile kichaka cha njia ya majini, nimejifunika gunia kwa sababu ya umande, kimya, kama Juliet alivyonifundisha. Ndege akatoka kwenye majani ya chini akakaa kwenye tawi, karibu kiasi cha kumgusa na fimbo. Mgongo wa giza, kifua rangi ya chungwa lililoiva, mstari mweupe juu ya jicho. Hajanijali. Kwanza akalia kama kifaranga aliyepotea. Kisha akalia kama tai wa samaki, lakini kwa sauti ndogo, ya mzaha. Kisha akafungua mdomo akaupiga mluzi wa Patroba.

Miwili mirefu. Mmoja unaoshuka.

Niliona koo lake likivimba. Niliona mkia ukitikisika. Sauti ilitoka pale, kwenye kitu kinachoenea kwenye kiganja cha Nerima.

Nilikuwa na bonge la udongo mkononi, sijui nililiokota saa ngapi. Nikataka kumuua. Halafu nikaogopa kwamba nikimuua, huo mluzi hautasikika tena duniani. Halafu nikaona haya, mwanamke mzima, mjane, nimejifunika gunia, nagombana na ndege. Akapiga tena.

Nikamjibu. Nilisema, "Nipo hapa, baba."

Akaruka.

Nilirudi nyumbani, Adeke akaniuliza kweche wangapi. Nikasema viota kumi na tisa. Sikuhesabu hata kimoja.

13 Aprili

Punje ishirini. Sijamwambia.

14 Aprili

Kanisani. Sijamwambia.

16 Aprili

Mluzi jioni. Adeke ameweka sahani, ameifunika. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda. Ningeweza kusema neno moja. Nikasema chumvi imezidi kwenye mboga.

19 Aprili

Juliet amekuja na kitabu chake cha picha. Nikampeleka kichakani, Adeke alikuwa sokoni. Tulisubiri kidogo tu, huyo ndege hana aibu. Juliet akafungua kitabu, akaniwekea kidole. Kurumbiza. Anaiba sauti, akasema. Ndege wengine, watu pia, mtu akipiga mluzi mmoja kila siku mahali pamoja, yeye anauchukua.

Nikamuuliza, "Na huyo mtu akishaondoka?"

"Anaendelea nao, mama. Yeye hajui kwamba mtu ameondoka."

Alinitazama sana. Binti huyu si mjinga. Nikamwambia hiyo ya kurumbiza asimtajie mtu hapa nyumbani. Akaitikia, lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake, na mimi nikaona kwamba hakupenda.

Nijiandikie ukweli hapa, maana daftari hili Juliet halipati tena, nitamnakilia hesabu tu. Nikisema ni ndege, Patroba amekufa. Amekufa mwezi wa tano ule, ndani ya maji, na mimi miaka miwili nimekuwa naitikia kichaka. Nikisema ni ndege, Adeke anakwenda Nabuyoga, na Nerima anakwenda na mama yake au anabaki analia. Nisiposema, tunabaki watatu, na mluzi jioni. Ndiyo hesabu yenyewe.

22 Aprili

Vipepeo wachache. Korongo dume amemfukuza mbwa wa Wandera mpaka barabarani. Nimempenda.

24 Aprili

Oboth amekuja hadi langoni, amesalimia, ameacha kikapu cha vitunguu. Hakuomba hata maji. Adeke amekaa jikoni, hakutoka. Nilikula vitunguu vile kwa hasira, ni vizuri.

26 Aprili

Leo kama herufi hazisomeki ni sawa.

Mchana wa leo Adeke alikwenda kusaga. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napukuchua maharagwe. Mbuga imejaa maji sasa, nyasi zimempita mtoto kimo, na pale chini huwezi kujua nyasi zinaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Nikasikia ng'ombe analia. Si kilio cha njaa. Nikatoka, nikaona kamba imekatika, ng'ombe amesimama kwenye matope hadi tumboni karibu na kiota cha korongo, na korongo wote wawili wamefungua mbawa wanampigia kelele.

Nikapiga kelele, Nerima, njoo umshike huku. Hakuitika. Niliita tena. Kisha nikaona kitambaa chake cha kichwa, chekundu, mbele ya ng'ombe. Mbali mbele ya ng'ombe.

Sijui nilifikaje. Kanga iliniacha njiani. Maji yalikuwa ya kiuno changu, kwake yalikuwa ya kifua, na alikuwa bado anatembea, taratibu, mikono juu kama mtu aliyebeba mzigo. Halii. Nilimshika nguo kwa nyuma, nikamvuta, tukaanguka wote, tukanywa maji. Nilimtoa nikimkokota kama gunia.

Juu, kwenye nyasi kavu, nikampiga makofi mawili. Kisha nikamkumbatia nikamnusa kichwa. Akaniambia mimi bibi yake, meno yanagongana, "Kukhu, kwani umenishika kwa nini? Baba ameniita. Mama anasema ule mluzi ni wake. Ng'ombe naye amejua, amekwenda."

Mtoto hana kosa. Ng'ombe hana kosa. Adeke alisema alichokiamini. Mimi ndiye niliyekuwa najua, siku kumi na nne, na nikanyamaza.

Ng'ombe amevutwa na wanaume wanne mpaka akatoka. Kiota cha korongo kimepona.

27 Aprili

Alfajiri nilimwamsha Adeke, nikamwambia avae, asiulize. Nikampa gunia, nami nikachukua langu. Tulikaa pale kichakani bega kwa bega. Ndege akatoka. Alianza na kifaranga, akaenda kwa tai, nami nikamshika Adeke goti, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Mluzi ukalia.

Adeke aliangalia nyuma yangu kwanza, kumtafuta mtu. Nikamgeuza kichwa kwa mkono wangu mpaka akamwona. Ukalia tena, na safari hii aliona koo.

Alimtazama ndege muda ambao sufuria ingechemka. Kisha akacheka. Kicheko kibaya, kinakwenda juu. "Miaka miwili, mama," akasema. "Miaka miwili nimekuwa naomba ruhusa kwa ndege."

Ningeweza kuacha pale. Nikamwambia yaliyobaki, kwamba nilijua tangu tarehe kumi na mbili.

Aliacha kucheka. Akauliza polepole, "Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akasimama, akaniachia gunia, akaondoka peke yake. Sikumfuata. Nilistahili zaidi ya hapo.

28 Aprili

Hasemi na mimi. Amepika, ameniwekea, hasemi.

29 Aprili

Vivyo hivyo. Mvua.

30 Aprili

Jioni mluzi ulipolia, Nerima alimtazama mama yake. Adeke akamwambia, "Ni ndege. Kesho nitakuonyesha." Akapakua ugali sahani tatu tu. Yangu akaniletea mkononi, akasema, "Kula, mama."

Baada ya kula nilimtuma Nerima kwa Wandera, kumwambia achague mgomba.

3 Mei

Vifaranga wawili wa korongo, rangi ya mchanga, wanaanguka kila hatua tatu.

11 Mei

Leo tumemzika Patroba.

Nilifungua sanduku mwenyewe. Shati la mistari, suruali ya kanisani, mkanda. Viatu sikutoa, viatu alikwenda navyo. Wandera na vijana walikuwa wameleta mgomba, wameulaza kwenye mkeka. Nikautazama nikaona hapana, ni mrefu mno.

"Kata," nikamwambia. "Patroba alikuwa mfupi, alinifuata mimi."

Wandera akasema ni mgomba tu, shemeji. Nikamwambia huyu ninayemzika ni mtoto wangu, namjua kimo. Akapima, akakata kiasi cha shubiri mbili. Nikaufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, vikawa vinateleza kwa utomvu. Hapo ndipo nililia. Nililia miaka yote miwili kwa mara moja, watu wakaniachia uwanja.

Baada ya udongo, Wandera akasimama kusema mambo ya ukoo. Akasema Adeke tangu leo yuko huru, ukoo hauna neno naye. Lakini mtoto ni wa ukoo, atabaki. Kila mtu alijua atasema hivyo. Ndivyo ilivyo kwetu, na mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye mazishi ya wengine nikaitikia.

Nikasema, "Mtoto anakwenda na mama yake."

Akasema, "Mama Patroba, huyo ni damu yetu."

"Damu yetu nyingine iko ndani ya maji, Wandera. Hii nataka ikae nchi kavu."

Akafungua mdomo. Nikamwambia kama anataka kubishana na mimi juu ya kaburi hili aanze, nina siku nzima. Hakuanza. Alikohoa, akaomba tuimbe.

12 Mei

Punje tatu tu. Nilihesabu peke yangu.

15 Mei

Adeke amenishonea mto. Tunapishana jikoni kama wageni wenye adabu. Kila mmoja anataka kuosha vyombo vya mwenzake.

18 Mei

Vipepeo wamekwisha. Fito nimeziacha.

20 Mei

Wameondoka leo.

Oboth alikuja na pikipiki mbili, moja ya watu, moja ya mizigo. Nilimwita kando nikamwambia huyu mtoto anaogopa kuogeshwa kichwa, ammwagie maji kwa kikombe kidogo, asimwagie kwa ndoo. Akasema, ndiyo mama. Nikamwambia arudie. Akarudia, kikombe kidogo. Basi.

Nerima alikuwa ameshapandishwa, amemshika Oboth shati, anauliza Nabuyoga kuna mbwa wangapi. Adeke alinipigia magoti palepale kwenye udongo, na gauni lake la bluu. Nikamwinua. Nilimwambia akifika asianze kazi siku ya kwanza, watamzoea vibaya. Akacheka, pua imejaa. Akaenda mpaka kwenye pikipiki akaweka mkono kwenye kiti, hakupanda. Kijana wa pikipiki akawasha, akazima. Adeke akarekebisha kamba ya mzigo ambayo haikuwa na kasoro. Akarekebisha tena. Ananitazama.

Nikaelewa kwamba hataweza kupanda mimi nikiwa nimesimama hapo.

Nikaingia ndani nikafunga mlango, saa nne ya asubuhi na jua lote nje. Nikakaa kitandani na mikono mapajani mpaka nikasikia pikipiki zimewaka, zote mbili, na zimekata kona.